Nafasi Aliyoachiwa Magesa

Siku ya kuniaga nilipostaafu, vijana wa karakana, mlinizawadia saa ya ukutani, tena ile inayogonga. Mtu aliyetumia maisha yake yote akiondoa "tak, tak" kwenye santuri za watu, mkampa "tak, tak" ya kwenda nayo nyumbani. Nawashukuru. Nimeitundika jikoni, na mlango wa jikoni naufunga.

Sasa nina nafasi, nawaandikia kama nilivyoahidi. Nitaeleza namna tulivyofundishwa kusikiliza, kisha nitaeleza kwa nini ile santuri ndogo ya bendi ya Mawe Saba tuliyoitoa upya ina tundu upande wa pili. Najua wateja bado wanapiga simu kulalamika, na ninyi ndio mnaopokea.

Nilianza kazi kwenye maktaba ya santuri ya kituo kimoja cha redio hapa Mwanza, nikiwa binti niliyetoka Magu na viatu vya kuazima. Mkuu wangu alikuwa Mzee Pastory, Mhaya mmoja mpole aliyevaa koti hata joto likiwa kali. Siku ya kwanza aliniita kutoka chumba cha pili, "Leokadia!" Nikaitikia kwa sauti kama nilivyolelewa, "Abee!" Akaja mlangoni, akanionyesha taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka juu ya kichwa changu.

"Hongera," akasema. "Kanda ya Ziwa nzima imeshajua kwamba umefika kazini."

Tangu siku hiyo sheria ilikuwa kwamba nikiitwa ninyanyue mkono. Ilinichukua muda mrefu kuizoea. Mwanamke aliyelelewa kwetu anasema "abee" kabla hajajua nani kamwita. Mdomo unatangulia, akili inafuata.

Somo la pili la Mzee Pastory ndilo ninalotaka mlishike. Kabla ya muziki kuanza, kila santuri ina kimya kidogo, pale sindano inapotua. Mzee alikuwa akifumba macho na kukisikiliza kile kimya kama mtu anayebisha hodi na kungoja. Aliweza kukuambia santuri ililala wapi, kwenye unyevu au kwenye vumbi, na kama mwenyewe alikuwa na gramafoni nzuri au mbovu.

"Hakuna kimya kitupu," alisema. "Kuna kimya ambacho hujakisikiliza."

Alinifundisha pia kuosha. Maji yaliyotulia, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa cha kanga iliyofuliwa mpaka imechoka. Unapangusa kwa kuzunguka, kufuata mifereji, hata siku moja usikate katikati. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda hewani kama moshi wakifia kwenye santuri, usiwakwangue. Walowanishe, wataachia wenyewe. Nimeona mtu akikwangua wadudu akaondoka na ubeti mzima wa wimbo.

Baadaye kituo kilihamia kwenye kompyuta, santuri zikawa takataka, nami nikafungua karakana yetu pale Nyamagana, ghorofani, nyuma ya maduka ya vyombo. Kazi za mwanzo zilikuwa kwaya na harusi. Mojawapo nimeisimulia mara nyingi, mtanivumilia. Mwalimu wa kwaya aliniletea utepe wa wimbo wa zamani, akataka niondoe kikohozi kilichosikika katikati. Nikakiondoa, nikajisifu. Wiki haikuisha, mama mmoja akapanda ngazi akihema, akaniuliza, "Kile kikohozi umekipeleka wapi? Ni cha marehemu mume wangu. Sina sauti yake nyingine."

Kwa bahati nilikuwa sijafuta nakala ya kwanza. Tangu hapo ikawa desturi ya karakana yetu kwamba ukisafisha sauti, kile ulichokiondoa usikitupe. Kihifadhi pembeni, na kabla ya kumkabidhi mteja kazi, kaa ukisikilize chenyewe, peke yake. Ni kama mpishi kuchungulia maganda kabla ya kuyamwaga, asije akamwaga na kisu. Desturi hii ndiyo iliyoturudisha Busisi, ng'ambo ya daraja, mara ya pili.

Neema mnamfahamu, yule dada wa Buzuruga mwenye nywele zilizotimka na suruali za bugaluu, zile pana miguuni. Aliacha kazi ya benki ili atoe upya muziki wa zamani wa kanda yetu, na mama yake akaacha kuzungumza naye. Alikuja na santuri ndogo ameifunga kwenye taulo la mtoto.

"Shikamoo mama. Nimeleta mgonjwa."

"Marahaba. Anaumwa nini?"

"Uzee."

Ilikuwa santuri pekee iliyowahi kutolewa na Mawe Saba, bendi iliyoishi muda mfupi kuliko foleni ya hospitali. Kwenye jalada walikuwa wanne tu. Yale mawe mengine sijui yalibaki wapi. Petro alishika besi, Sospeter alikaa nyuma ya ngoma, Perpetua alisimama mbele ya kipaza sauti, na mdogo wake Perpetua, kijana mrefu aitwaye Magesa, alishika gitaa la solo. Walipiga soul na fanki za kweli, za kukufanya usimame bila kujua umesimama. Wakusanyaji wa nje walikuwa wakiitafuta santuri hiyo kama dawa. Walichokipenda zaidi ni kwamba nyimbo zote mbili hazina gitaa, ni besi, ngoma na sauti ya mwanamke. Waliandika kwamba huo ulikuwa ubunifu wa kijasiri.

Upande wa pili una wimbo uitwao "Itikia". Mnajua desturi ya bendi zetu, mwimbaji huwataja wapigaji mmoja mmoja, na kila anayetajwa hujibu kwa ala yake. Perpetua anaita, "Petro!" na besi inajibu. Anaita, "Sospeter!" na ngoma zinajibu. Halafu ala zote zinanyamaza, anavuta pumzi, anaita, "Magesa!" Hakuna kinachojibu. Kimya kinakaa, kinakaa mpaka unajisikia vibaya, ndipo besi inaingia tena taratibu na wimbo unaendelea hadi mwisho.

Neema alitaka kibali cha Bibi Perpetua kabla ya jambo lolote, na kwa hilo nilimpenda. Tukavuka daraja, mimi, yeye na Kelvin, fundi wangu wa kompyuta, tukamkuta bibi nyumbani kwake Busisi, nyumba yenye dirisha kubwa linalotazama ziwa. Alimwangalia Neema kuanzia miguuni.

"Suruali hizo tulizivaa sisi," akasema. "Padri alitutangaza kanisani. Wewe wamekutangaza?"

"Bado, bibi."

"Basi hujazivaa vizuri."

Tulicheka, chai ikaja, na yeye ndiye aliyeanza habari ya Magesa. Magesa alikuwa akitoka kwao, ufukwe wa Majita, kuja Mwanza kurekodi. Gitaa lilitangulia kwa gari na mzigo. Yeye alisafiri kwa mtumbwi, upepo ukawapindua. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana, si siku ile wala baadaye. Siku ya studio ilikuwa imeshapangwa na kituo cha redio, na isingepatikana tena.

"Tulikwenda na gitaa lake," akasema. "Tukaliweka kwenye kiti chake, tukalichomeka kwenye spika, kama yupo. Petro ndiye aliyetaka."

Kisha akatueleza desturi ya kwao. Mtu akichukuliwa na maji asionekane, ndugu aliyenyonya naye ziwa moja huenda ufukweni kumwita kwa jina. Akishaita huacha nafasi ya jibu. Mtu mwingine yeyote haruhusiwi kuitikia katika nafasi hiyo, hata kwa kukohoa, maana aliye majini akisikia nafasi yake imejazwa ataona hana pa kurudi. Anaitwa hivyo mpaka apatikane au aitikie. Hapo huzikwa, kama hakuna mwili huzikwa shina la mgomba, na asiitwe tena.

"Nilimwita ufukweni mpaka sauti ikakauka. Halafu ilipotoka santuri nikaona nimepata msaidizi. Nilikuwa naifungulia dirisha hili, naicheza kuelekea majini. Miaka mingi. Baadaye mjukuu akaikalia, ikavunjika. Miguu nayo ikagoma kushuka ufukweni." Aliweka kikombe chini. "Tangu hapo ndugu yangu hajaitwa. Nami nikiondoka nani atamwita? Santuri haifi upesi. Itoeni. Ila pale ninaponyamaza pasiguswe, msitie kitu."

Neema alimwahidi, na mimi nikamwahidi.

Kazi ilianza vizuri. Santuri ilioshwa, ikanukuliwa, Kelvin akaingiza sauti kwenye kompyuta. Sasa nieleze kidogo kwa wale wageni wa kazi hii. Programu ya kusafisha haijui uchafu ni nini mpaka uioneshe. Unaichagulia kipande kisicho na kitu ila mvumo na mikwaruzo ya santuri yenyewe, unaiambia, "Uchafu ni huu, ukiukuta popote uondoe." Kwa kawaida tunachagua kile kimya cha mwanzo. Lakini mwanzo wa santuri hii ulikuwa umeliwa na sindano za miaka, unanguruma kama mashine ya kusaga. Kelvin akatazama kwenye kioo cha kompyuta, akaona mahali ambapo mstari umenyooka kabisa, baada ya jina la Magesa. Akachagua pale. Kwa mkono hapakuguswa, ni kweli. Alipaonyesha tu kompyuta kama mfano wa uchafu. Msimcheke. Mstari ukinyooka kwenye kioo macho yanaridhika, na masikio huyafuata macho kama kondoo.

Wimbo ulirudi ukiwa safi, na ukiwa umepoa. Sina neno zuri zaidi. Ulikuwa kama nyumba ambayo vyombo vyote vipo lakini unajua wenyewe wamehama. Sauti ya Perpetua ilikuwa palepale, ila haikuwa ikimwimbia mtu.

"Tusikilize maganda," nikamwambia Kelvin.

Ulikuwa mchana, feni ikizunguka, wauza vyombo wakipiga kelele chini. Tukavaa spika za masikioni, tukasikiliza kile kilichoondolewa. Mvumo, mikwaruzo, mvumo. Tukafika kwenye nafasi ya Magesa. Ndani ya mvumo ule, mbali sana, palikuwa na gitaa. Noti tatu zikishuka, polepole, kisha basi.

Kelvin alivua za kwake akazitazama kama zimemng'ata. "Mama, nani anapiga?"

"Rudisha nyuma."

Akarudisha. Noti tatu. Tukaenda kwenye santuri yenyewe, tukaipandisha sauti mpaka feni ikabidi tuizime. Zilikuwepo. Zilikuwa chini ya uchafu siku zote, katika kimya ambacho sisi wote, na wakusanyaji wote wa dunia, tulikuwa hatujakisikiliza.

Nilifanya alichonifundisha Mzee Pastory, yaani kutafuta sababu ya kawaida kwanza. Wakati mwingine mfereji mmoja wa santuri hubeba mwangwi wa mfereji wa jirani, ukasikia wimbo kabla haujafika. Lakini majirani wa kimya kile hawana gitaa, wala upande wa kwanza hauna. Besi ya Petro? Besi haifiki juu kule. Mwisho Kelvin akapata, akaruka kitini.

"Gitaa lilikuwa kwenye kiti, mama! Limechomekwa! Ukiimba karibu na gitaa nyuzi zinatetemeka zenyewe. Bibi aliita kwa nguvu, nyuzi zikavuma!"

Ni kweli kabisa, vijana, nanyi mjaribu: iteni jina karibu na gitaa lililotulia, litawavumia. Nilishusha pumzi. Lilibaki jambo dogo lililonisumbua, kwamba nyuzi zikivuma zenyewe huvuma zote pamoja, hazishuki moja baada ya nyingine. Sikumwambia Kelvin. Alikuwa amefurahi mno.

Neema hakufurahi. Kiwanda cha nje kilishampangia zamu, wanunuzi walishaahidiwa. "Mama, lazima tumwambie bibi? Ametuambia pasiguswe. Hatujapagusa."

"Amesema anaitwa mpaka aitikie," nikamjibu. "Hatuwezi kumwachia mtu aendelee kungoja kitu ambacho tumeshakisikia."

Neema akachukua mkoba wake. "Twendeni."

Bibi Perpetua alisikiliza kwa spika za masikioni, macho ziwani. Mara ya kwanza hakuonyesha kitu. Akaomba tena. Safari ya pili alishika mkono wangu, na mkono wake ulikuwa baridi ingawa jua lilikuwa limejaa dirishani. Tulimwacha apumue. Kisha Kelvin, kwa huruma kabisa, akapiga magoti mbele yake ili amtulize.

"Bibi, usiogope. Ni gitaa lile mlilolichomeka. Ulipoita, nyuzi zilitetemeka kwa sauti yako."

"Nyuzi zipi, mjukuu wangu?"

"Za gitaa, bibi. La kwenye kiti."

"Nyuzi nilizikata mimi asubuhi ile, kabla hatujaingia studio." Alisema taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani. "Ala ya mtu ambaye hajaonekana haiachiwi nyuzi, asije mwingine akaipiga. Pale kitini lilikuwa gogo tu."

Kelvin alibaki amepiga magoti. Nje, boda boda ilipita ikapotea, ikawa kama imepita mahali pengine.

"Kwa hiyo aliitikia," bibi akasema. "Siku ileile ya kwanza. Nami nikaendelea kumwita, na kumwita, dirisha wazi. Maskini mdogo wangu. Aliniitikia mara ngapi?"

Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, na sauti iliporudi ilikuwa ya dada mkubwa.

"Aliyeitikia haitwi tena. Mkitoa santuri hii, kila atakayeweka sindano atakuwa anamwita. Ulaya huko, wapi huko, watu wanaocheza na kunywa. Atapumzika lini?"

Nilimtazama Neema. Usoni mwake niliona benki aliyoiacha na mama aliyenuna. Akasema, "Basi bibi, tuache. Nakiandikia kiwanda leo."

Kwa maneno hayo ndipo nilipoamua kuingilia kati. Nikamweleza bibi kwamba pale anapoita, ala zote zimenyamaza. Jina limesimama peke yake kama mti uwanjani. Naweza kuling'oa bila kugusa kitu kingine.

"Uliondoe jina tu?"

"Jina tu, dada. Kila kitu kingine kibaki."

"Na yeye?"

"Yeye sitamgusa."

Akakubali, akatia saini, akamtuma kijana wa jirani kutafuta shina la mgomba.

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na ndilo tundu mnalolalamikiwa. Nilirudi kwenye nakala ya kwanza, isiyosafishwa. Nikaacha pumzi yake ya kabla ya jina. Nikaondoa jina. Nafasi yake sikuiziba kwa mvumo wa mahali pengine, ingawa ndivyo ninavyowafundisha kufanya, maana pale hata mvumo ungekuwa ni kujaza nafasi ya mtu. Nakala zote zenye jina nilizifuta kwenye kompyuta, Kelvin akishuhudia. Ni mara pekee niliyovunja desturi ya karakana. Wateja wakipiga simu, waambieni si kosa la kiwanda.

Santuri ya kwanza ilipofika kutoka kiwandani tulimpelekea bibi. Shina la mgomba lilikuwa limezikwa nyuma ya nyumba, udongo umeanza kuota majani. Yeye mwenyewe alionekana amepungua miaka. Alikuwa sebuleni anachambua dagaa kwenye ungo, akimtania Neema kwamba sasa ni tajiri atafute mume. Dirisha lilikuwa limefungwa. Kelvin akaweka gramafoni mezani, nami nikashusha sindano.

Tulisikiliza kimya cha mwanzo, kama inavyotakiwa. Wimbo ukaanza, kichwa cha bibi kikafuata besi. Perpetua wa kwenye santuri akaita Petro, akaita Sospeter. Ala zikanyamaza. Ikasikika pumzi yake ya ujana, kisha tundu, mahali ambapo jina halipo.

Kisha, chini ya mvumo, zikaja noti tatu ambazo sasa masikio yetu yalizijua. Niliyafahamu makosa yangu wakati huohuo, kama ni makosa. Tulizoea kuzisikia zikifuata jina, tukaziita jibu. Sasa hapakuwa na kitu cha kujibu. Zilikuja zenyewe kutoka mbali, zikishuka, kwa namna ileile mtu anavyomwita mwenzake aliye chumba cha pili.

Bibi Perpetua aliinua kichwa kutoka kwenye ungo.

"Abee," akasema.

Alisema hivyo bila kufikiri, kama tulivyolelewa. Kisha akatulia, dagaa mkononi, akalitazama lile dirisha lililofungwa, akauweka ungo chini na kuinuka. Kelvin alinyoosha mkono aondoe sindano. Nikamshika kiganja. Wimbo ulikuwa bado haujaisha, na bibi alikuwa ameshafika dirishani, anafungua.